Chepkoech na Siku za Majani

Barua ya mdogo wangu Roda ilifika Agosti ya mwaka wa tisini na nne, tukiwa ndio tumefunga shule. Ilikuwa fupi, na Roda si mtu wa barua fupi. "Dada, njoo. Mama mkwe anasema ugonjwa wa Chepkoech umetoka kwetu. Wanataka mtu wa ukoo aje aseme mbele yao kama kwetu kuna kifafa. Kama kipo, wanasema mtoto arudi kwetu, mkae naye ninyi."

Roda alitoka hapa kwetu Vihiga akiwa msichana, akaenda kuchuma chai katika shamba kubwa moja la Kericho. Huko akapatana na Kiprono, wakaoana kanisani, wakaenda kukaa Boito kwa kina Kiprono, ambako kila boma lina shamba lake dogo la chai na ng'ombe wake wawili watatu. Chepkoech ni kifungua mimba wao, miaka minane. Tangu alipokuwa na mitatu, huanguka. Anakauka, anatupa mikono na miguu, povu linamtoka mdomoni, halafu analala fofofo.

Tuliketi kwa kaka yetu mkubwa, Zakayo. Tangu wazee wetu walipofariki, neno lake ndilo neno la nyumba. Alisema, "Aende huyu mwalimu, yeye ana mdomo." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli. Lakini aliponisindikiza hadi barabarani hakuwa na kicheko. "Wakikuuliza, sema hakuna. Jina la Enosi lisitoke kinywani mwako."

Enosi alikuwa ndugu yetu. Alimfuata Zakayo kwa kuzaliwa, mimi nikafuata miaka minne baadaye, na Roda alizaliwa Enosi ameshazikwa. Alikuwa akianguka vilevile, na akiwa na miaka tisa alianguka kwenye kijito akafa maji. Roda anajua tu kwamba alikuwako kaka aliyekufa maji. Nyumbani kwetu hatukulitaja jina hilo kwa miaka zaidi ya thelathini, wala sikuona sababu ya kuanza kulitaja ugenini. Nikamwambia Zakayo asiwe na wasiwasi.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi la Kisumu nikiwa na kuku mmoja, mkungu wa ndizi, na sweta mbili, maana Roda alikuwa ameniandikia mara nyingi kuhusu ile baridi. Kutoka Kisumu tukapita Ahero na mashamba yake ya mpunga, joto likinikejeli na sweta zangu. Baada ya Awasi gari likaanza kupanda. Kufika Kapsoit nilikuwa nimevaa ya kwanza, na Kericho nikavaa ya pili.

Kando yangu aliketi mama mmoja wa Sosiot aliyekuwa akitoka kumwona binti yake Kisumu. Alitaka kujua naenda wapi na kwa nini, nikamwambia kuna mtoto wa dada yangu ana ugonjwa wa kuanguka.

"Pole," akasema. "Huyo msimpe kikombe ya wengine. Hiyo povu ikikugusa, na wewe unaanguka."

"Hata kwetu tunasema hivyo," nikamjibu. Ndivyo nilivyolelewa kuamini, na cheti changu cha ualimu hakikuwa kimeligusa jambo hilo. Akashuka Kapsoit na kunitakia baraka.

Saa kumi jioni nilishuka Boito mvua ikinyesha. Nilikuwa nimeona chai pande zote tangu Kericho, lakini kutoka dirishani ni rangi tu. Chini nikaona kazi. Vichaka vimekatwa usawa wa kiuno, vijia vyembamba kati yake, na wanawake wenye vikapu mgongoni wakiharakisha majani kwenye kituo cha kupimia kabla lori la kiwanda halijafika. Kiprono alikuwa akinisubiri na mwavuli. Ni mtu mrefu, mpole, na huongea kana kwamba maneno yana msimu wake.

"Karibu, shemeji," akasema, akachukua kuku na ndizi. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake hadi nyumbani.

Mama yake, ambaye kila mtu pale humwita Kogo, yaani nyanya, alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Chamgei," akasema, nami nikajibu kama Roda alivyonifundisha zamani, "Chamgei mising," akafurahi sana. Nikapewa mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye masizi ya mti, nikanywa glasi mbili. Sitadanganya kwamba niliipenda ya kwanza. Ya pili niliipenda.

Chepkoech alikuja kunisalimu. Mtoto ana macho ya Roda na ukimya wa baba yake, na kwenye mkono wa kushoto ana kovu refu la moto. Alianguka jikoni mwaka uliopita. Chai ilipoletwa, kila mtu alichukua kikombe kwenye meza, ila yeye alitoka nje akarudi na kikombe cha bati kilichokuwa kikining'inia peke yake kwenye msumari wa ukuta. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa ameshazoea.

Jumatano baada ya chai ya saa nne tuliitana sebuleni, Kogo, Kiprono, Roda na mimi. Kogo hakuwa na ubaya, nataka hilo lieleweke. Aliomba kwanza, kisha akasema, "Mwalimu, sisi hatufukuzi mtu. Mke wetu tunampenda. Lakini hii ugonjwa imetoka wapi? Kwetu haiko. Na nimeangalia sana. Mtoto anaanguka siku za majani, siku mama yake hayuko karibu. Hiyo kitu inajua mama akienda. Ni ya upande wa mama. Nyinyi mnaweza kujua namna ya kuipoza. Huku ataungua yote."

Nilimtazama Roda. Alikuwa amemkumbata kitinda mimba wake wa mwaka mmoja na ananingojea mimi, macho makavu.

"Kwetu hakuna," nikasema. "Hakuna, wala hajawahi kuwako." Kisha, kwa sababu mdomo wangu haujui kusimama, nikaongeza, "Mungu ni shahidi." Wala hakuna aliyeniomba hilo. Kogo akatikisa kichwa polepole, akasema wataendelea kuomba. Nilijisikia kama nimemshinda mtu, na jioni nikala kuku niliyemleta mwenyewe kwa hamu kubwa.

Alhamisi ilikuwa siku ya majani, yaani siku ya kuchuma chai na kuipeleka kituoni. Boito siku za majani hujulikana, hapo ni Jumatatu na Alhamisi, na siku hizo nyumba hubaki tupu. Kulipokucha, Kiprono, Roda na Kogo mwenyewe walikuwa tayari shambani na aproni zao za plastiki. Kazi ya Chepkoech siku hizo ni kumlea mdogo wake. Nilikataa kwenda shambani kwa sababu ya baridi, nikabaki nikimenya viazi jikoni. Chepkoech alikuwa akinionyesha kwamba anajua kuhesabu kwa Kiswahili hadi mia, ingawa aliachishwa shule akiwa darasa la pili. Alikuwa amefika sitini na kitu.

Akanyamaza. Nikadhani amesahau namba, nikamkumbusha. Hakujibu. Macho yakaenda juu, na akaanguka upande wa moto.

Niseme nilichofanya, maana ndicho kilichonipeleka mahali pengine kabisa. Nilimvuta. Lakini nilimvuta kwa pindo la gauni, kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa panya mfu, nikamburuta hadi karibu na mlango. Kisha nikamchukua mdogo wake nikasimama nje. Povu lilimtoka, mwili ukaruka chini kwenye udongo, nami nikamtazama kutoka uani na mtoto mgongoni. Sikumgusa. Mwanamke wa miaka yangu, mwalimu, mama wa watoto wanne. Ilipopita alilala, na shavu lake lilikuwa na damu pale lilipojigonga kwenye kizingiti. Roda alipokuja mbio kwa kusikia kilio cha mdogo, alimwinua Chepkoech na kumfuta mdomo kwa kanga yake bila kufikiria, na mimi nikaona aibu hadi masikioni.

"Kesho ni kliniki ya kifafa hospitali ya Kapkatet," nikamwambia. "Tunaenda. Na Kogo aende."

Ijumaa tulipanda gari la maziwa saa moja asubuhi, Kogo na Chepkoech mbele na dereva, mimi na Roda nyuma na makopo. Kiprono alibaki na mtoto na ng'ombe. Hospitalini foleni ilikuwa ndefu lakini yenye amani, wanawake wanafuma, watoto wanakula mahindi. Nilidhani watoto wa kuanguka ni wachache sana duniani. Kwenye benchi ile peke yake nilihesabu kumi na mmoja, na kila mama alikuwa ameketi amejitenga kidogo na mwenzake.

Daktari alikuwa mama mnene, mtulivu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliuliza maswali kana kwamba ana siku nzima. Alianza na kuzaliwa. Roda akaeleza kwamba uchungu ulimshika jioni ya Jumamosi, mvua ikawa imekata barabara, akazalia nyumbani alfajiri ya Jumatatu, ndiyo maana mtoto akaitwa Chepkoech, wa kupambazuka.

"Alilia?"

"Hapana. Alikuwa mweusi kama bluu. Kogo alimpuliza, akamsugua, ndio baadaye akalia."

"Uliokoa mtoto," daktari akamwambia Kogo, na Kogo akakaa wima. Kisha daktari akauliza kuhusu homa. Roda akasema akiwa na miaka mitatu, baada ya mvua ndefu, malaria iliingia hadi milima ya huku ambako watu hawakuizoea, na Chepkoech alipata degedege asubuhi nzima kabla ya kupata gari.

Daktari akaweka kalamu chini. Alisema hayo mawili, kila moja peke yake, yanaweza kuacha kovu kwenye ubongo, na kovu hilo ndilo linalowaka baadaye. Alisema watoto wa vijiji vyetu huanguka zaidi kwa sababu huzaliwa mbali na mkunga, huugua malaria na homa ya uti wa mgongo bila dawa ya mapema, huanguka kutoka juu ya miti na kuumia kichwa. Kuna sehemu, akasema, ambako nguruwe huzurura na vyoo hakuna, na mayai ya minyoo huingia kwenye chakula hadi yakafika kichwani. "Na wengine," akasema, "tunatafuta sababu na hatuipati. Hatuna mashine hapa ya kuangalia ndani." Kuhusu povu akasema ni mate tu. Hayaambukizi mtu, hata ukiyafuta kwa mkono mtupu. Akatuonyesha pia namna ya kumsaidia mtoto anapoanguka.

Kisha akauliza, "Kwa familia kuna mwingine?"

Kogo alijibu upesi. "Kwetu hakuna. Na mwalimu amesema kwao hakuna."

Daktari akaanza kuandika. Nilikuwa nimebakiza tu kunyamaza. Lakini Chepkoech alikuwa ameketi kando yangu na lile jeraha la shavuni, ambalo lilikuwa langu kwa kiasi fulani, na nikashindwa.

"Yuko," nikasema. "Alikuwako. Kaka yetu Enosi."

Roda akanigeukia. Kogo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mungu ni shahidi?"

"Nisamehe, Mama. Nilidanganya."

Nilimweleza daktari yote. Aliniuliza Enosi alianzaje, nikasema nilisikia wakubwa wakisimulia kwamba akiwa na miaka minne alipata homa kali, shingo ikakauka kama mti, akapona, halafu ndio akaanza kuanguka. Daktari akasema inaonekana ni homa ya uti wa mgongo. Akaongeza kwamba ziko familia ambazo kifafa kweli hufuata damu, na hata hizo hazina laana wala hazipaswi kupeleka watoto kwingine. "Ukoo ukiwa na pumu, mnagawana watoto?" akauliza. Kogo akasema hapana.

"Haya. Hii dawa aliyopewa zahanati, anakunywa kila siku?"

"Kila siku," Roda akasema. Akanitazama, nadhani bado ana hasira na mimi, na macho yake yakajaa. "Isipokuwa siku za majani."

Roda akaeleza akiinamia mikono yake. Vile vidonge vidogo vyeupe humfanya mtoto asinzie. Siku za majani lazima awe macho, maana ndiye mlezi, na mdogo wake ameshaanza kutambaa hadi kwenye moto. Kwa hivyo siku hizo, na usiku wa kuamkia, hakumpa. Alikuwa akifanya hivyo tangu mdogo wake azaliwe, kwa nia njema kabisa, na kila Jumatatu na Alhamisi Chepkoech akaanguka.

Daktari hakumkaripia. Alisema dawa hii ukiikata ghafla ubongo hukasirika kuliko kama hukuianza, na kwamba sasa ataipunguza kidogo na mtoto apewe jioni pekee wakati wa kulala, bila kuruka hata siku moja, hadi yeye mwenyewe aseme basi.

Kogo alikuwa akihesabu kwa vidole. "Kwa hivyo hiyo kitu haijui mama akienda."

"Hapana, Kogo," daktari akasema. "Inajua tu dawa haiko."

"Na nani alisema huyu mtoto achunge mtoto siku za majani?"

"Ni wewe, Mama," Roda akasema.

Kogo akaacha kuhesabu. "Ni kweli," akasema. "Ni mimi."

Jioni hiyo Boito, Kogo alimimina chai mwenyewe, na vikombe vyote vilitoka mezani. Roda hakunisemesha hadi baada ya chakula. Kisha akaniuliza Enosi alikuwa mtu wa namna gani. Nikatambua sijui mengi, nilikuwa na miaka mitano. Nikamwambia alikuwa akinibeba begani na alipenda kula sukari guru. Alilia, nami nikalia, kisha akanilaumu kwa dakika kumi hivi, na tukapatana.

Jumapili kanisani Kiprono alisimama, jambo ambalo Roda anasema hakuwahi kuliona, akasema maneno haya tu: "Mtoto atakaa. Septemba anarudi shule." Akaketi.

Jumatatu, siku ya majani, Kogo alikataa aproni. "Mimi nakaa na hawa wawili. Mwalimu aende achume, ajue bei ya chai." Nikaenda. Roda alinicheka siku nzima, maana nilikuwa nachuma majani magumu ambayo kituoni hata ng'ombe wangeyakataa. Majani mawili na chipukizi, anasema, siyo tawi. Mgongo uliniuma na nilikuwa na furaha. Tuliporudi Chepkoech alikuwa amesinzia mara moja tu, wakati wa asubuhi, na hakuanguka. Siku moja si ushahidi, najua, nimefundisha hesabu miaka ishirini. Lakini niliipokea.

Jumanne nilirudi kwa njia ileile, nikivua sweta moja Kapsoit na nyingine Ahero. Jioni nikaenda moja kwa moja kwa Zakayo nikamwambia nimelitaja jina. Alichukua jembe akaenda shambani, na kwa siku mbili hakuja kwangu wala hakuitikia salamu. Nilijua atanikasirikia kwa ajili ya sifa ya ukoo, na nilikuwa nimejiandalia majibu mengi mazuri.

Ijumaa mchana alikuja. Aliketi barazani, akaweka kofia gotini.

"Nilikuwa naye," akasema. "Siku ile kijitoni. Tulitumwa maji. Nilikuwa na miaka kumi na miwili." Akagusa goti. "Maji yalinifika hapa tu, kwenye goti. Lakini povu lilikuwa limemtoka, na tulikuwa tumeambiwa. Kwa hivyo sikumshika. Nilikimbia kuita watu."

Miaka yote hiyo nilifikiri ananyamaza kwa fahari. Nikamwambia kuhusu jikoni kwa Roda, jinsi nilivyomvuta mtoto kwa pindo la gauni nikasimama uani, na mimi nina miaka arobaini. Hilo ndilo nililojifunza katika safari hii, na ndilo ninalowaandikia ninyi wa nyumbani. Watoto wetu wanapata kifafa kwa homa na kwa kuzaliwa kwa shida, lakini wengi wanachokufia ni mikono yetu kukaa nyuma.

Zakayo alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Daktari alisema mtu afanye nini?"

Mjukuu wake Jerida, wa miaka sita, alikuwa akicheza pale pale na vifuniko vya chupa. Nikamwita, nikamlaza chali kwenye mkeka. Nikamwonyesha Zakayo: ondoa moto na mawe karibu, usitie kijiko mdomoni, usimwagie maji, weka kitu laini chini ya kichwa, ikipungua mgeuze alale ubavu ili mate yatoke na pumzi iingie, ukae naye. Jerida alikuwa akicheka kwa kutekenywa.

Zakayo akapiga magoti. Akaweka mkono mmoja begani mwa mtoto, mwingine kiunoni, akamgeuza polepole.

"Hivi?"

"Hivyo."

Akamrudisha chali, akaanza upya.